Paa wa Msituni na Jongoo wa Baharini: Somo la Miili Miwili

Utangulizi

Katika kisiwa cha Unguja, Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka inakusanya mahali pamoja msitu, mikoko na bahari. Ndani ya msitu huo huishi paa nunga, swala mdogo ambaye wageni wengi huondoka bila kumwona. Upande wa pili wa mikoko, maji yanapotoka, wanawake waokotao chaza na kombe humkuta jongoo bahari akiwa amelala mchangani. Mmoja ana masikio yanayosikia jani likianguka. Mwingine hana masikio, hana macho, hana kichwa, wala hana ubongo. Ni vigumu kupata wanyama wawili walio mbalimbali zaidi kwa sura, na ndiyo sababu tumewachagua kuwa somo letu.

Ulinganisho wa miili ni njia kongwe ya kujifunza tiba. Anayeutazama mwili wa binadamu peke yake hudhani kwamba kila kiungo ni lazima kiwe kama kilivyo. Anayeuweka kando ya miili mingine huanza kuuliza: kwa nini tunahitaji moyo, ikiwa yupo kiumbe anayeishi miaka mingi bila moyo kama wetu? Kwa nini utumbo wetu ukikatwa hauoti tena?

Baada ya kulisoma somo hili, msomaji ataweza kueleza undugu wa kibayolojia kati ya paa, jongoo bahari na binadamu. Kulinganisha mifumo mikuu ya miili yao. Kutambua hatari za kiafya zinazowahusu wawindaji na wazamiaji. Na kuyapima madai ya tiba yanayotajwa kuhusu jongoo bahari.

Wahusika wetu wawili

Paa nunga, ambaye kwa jina la kitaalamu huitwa Cephalophus adersi, alielezwa kisayansi na Oldfield Thomas mwaka 1918. Jina lake la pili linamkumbuka W. Mansfield-Aders, aliyekuwa mtaalamu wa wanyama katika serikali ya Zanzibar ya wakati ule. Urefu wake begani ni kama sentimita 30, na uzito wake kwa kawaida haupiti kilo 12. Manyoya yake ni mekundu ya kahawia, ana mkanda mweupe matakoni, madoa meupe miguuni na kishungi cha nywele utosini. Nje ya Unguja anajulikana katika misitu ya pwani ya Kenya, kama vile Arabuko-Sokoke na Boni. Ni mmoja wa jamii yenye aina takriban 20 zinazoishi Afrika peke yake. Kiswahili kina majina ya jamaa zake: funo, minde wa milima ya Tanzania, na nsya wa vichakani.

Jongoo bahari si mnyama wa aina moja. Wataalamu wamekwisha kuzitambua aina zaidi ya 1,400 duniani, na zote huishi baharini. Katika somo hili tutamtazama zaidi Holothuria scabra, anayependa mchanga na nyasi za baharini katika maji ya kina kifupi. Huyu ndiye anayetafutwa sana na wafanyabiashara, na ndiye anayefugwa katika mazizi ya wavu sehemu kadhaa za Unguja na Pemba. Mwili wake ni mfuko mnene wa nyama, wenye mdomo upande mmoja na tundu la kutolea taka upande wa pili. Kwa sehemu ya siku hujifukia mchangani, kisha hutoka na kula.

Jina linapotupotosha

Wahenga wa pwani walimwita jongoo kwa sababu ya umbo lake: mrefu, mviringo, mwendo wa polepole. Lakini jongoo wa shambani ni jamaa wa nge, kaa na wadudu. Jongoo bahari hahusiani naye kwa karibu. Kwa ushahidi wa kibayolojia, jongoo bahari yuko karibu zaidi na paa, na yuko karibu zaidi nasi sisi wanadamu, kuliko alivyo karibu na jongoo yule wa nchi kavu.

Kauli hii huwashangaza wanafunzi kila mwaka, hivyo inafaa kuieleza hatua kwa hatua. Kila mnyama huanza kama yai moja lililorutubishwa. Yai hugawanyika kuwa seli mbili, nne, nane na kuendelea, mpaka linapokuwa mpira mdogo wenye uwazi ndani. Kisha upande mmoja wa mpira huo hubonyea kuingia ndani, kama mpira wa miguu uliopungua upepo unavyobonyezwa kwa kidole. Tundu linalotokea hapo ndilo mwanzo wa njia ya chakula. Katika kundi kubwa la wanyama, ambamo wamo wadudu, konokono na pweza, tundu hilo la kwanza kwa kawaida huhusika na kufanyika kwa mdomo. Katika kundi jingine tundu la kwanza huwa upande wa nyuma, na mdomo hutoboka baadaye upande wa pili. Kundi hili la pili linamjumuisha jongoo bahari pamoja na ndugu yake kiti cha pweza. Na linawajumuisha pia samaki, ndege, paa na binadamu.

Uchunguzi wa vinasaba umeuthibitisha mgawanyo huo. Babu wa pamoja wa makundi haya mawili ya wanyama, yaani la jongoo bahari na la wenye uti wa mgongo, aliishi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Ni undugu wa mbali sana, lakini ni undugu wa kweli, na umeacha alama katika namna viinitete vinavyojengwa.

Paa naye ana jambo la kustaajabisha katika ukoo wake. Vinasaba na mifupa ya kale vinaonyesha kwamba nyangumi na pomboo wametokana na wanyama wenye kwato. Basi ndugu wa paa aliyeko baharini ni nyangumi, ingawa kwa macho angedhaniwa samaki. Mwanafunzi wa tiba ajifunze hapa kwamba sura ya nje ni shahidi dhaifu. Uvimbe wawili hufanana kwa macho, na mmoja ni mafuta tu ilhali mwingine ni saratani. Ndiyo maana tunapima tishu kabla ya kutoa jina.

Ngozi, mifupa na siri ya kolajeni

Paa amesimikwa juu ya mifupa ya ndani iliyojengwa kwa madini ya kalsiamu na fosfeti, kama yetu. Misuli hushika mifupa, huvuta, na miguu hurusha mwili mbele. Jongoo bahari hana mfupa. Mabaki ya kiunzi chake ni vipande vidogo mno vya kalsiamu kaboneti vilivyotawanyika katika ngozi, visivyoonekana ila kwa hadubini. Maumbo yake hutofautiana kwa kila aina: vingine mfano wa vitufe, vingine mfano wa meza ndogo, na wataalamu huvitumia kuzitofautisha aina zinazofanana.

Badala ya mifupa, jongoo bahari anategemea kolajeni, protini ile ile inayoshikilia ngozi yetu, kano zetu na kuta za mishipa yetu ya damu. Tofauti ni kwamba kolajeni yake hutii amri za neva. Akiguswa, ngozi hukakamaa kwa muda mfupi tu. Akitaka kupenya katika mwanya wa jiwe, huilegeza hata akawa kama uji mzito. Mwaka 2008 watafiti wa chuo kikuu cha Case Western Reserve huko Marekani walitangaza kwamba wametengeneza kitu cha plastiki kinachoiga tabia hiyo: kigumu kikiwa kikavu, laini kikilowa. Lengo mojawapo lilikuwa vifaa vya kupandikizwa katika ubongo, ambavyo vingekuwa vigumu wakati wa kuchomekwa na kulainika baada ya kukaa mahali pake, ili visiumize tishu.

Pumzi na damu

Paa huvuta hewa kwa mapafu. Oksijeni hupita katika damu, hushikwa na himoglobini ndani ya seli nyekundu, na moyo wenye vyumba vinne huisukuma hadi mwilini kote. Mishipa imefungwa kuwa njia kamili ya kwenda na kurudi. Mfumo huu ni ghali: moyo haupumziki, na joto la mwili hulazimika kubaki karibu na nyuzi 38 au 39 usiku na mchana. Faida yake ni kasi. Paa aliyetulia huweza kutoweka kichakani kabla hujamaliza kuvuta pumzi.

Jongoo bahari hupumua kwa njia ambayo humchekesha mwanafunzi mara ya kwanza. Maji huingia kwa tundu la nyuma na kusukumwa katika mirija miwili yenye matawi mengi, iliyotandazwa ndani ya mwili kama mti. Oksijeni hupenya kuta nyembamba za matawi hayo na kuingia katika majimaji ya mwilini. Hana moyo wa kati unaodunda kama wetu. Majimaji husogezwa na misukosuko ya mwili, vinyweleo na misuli ya mirija. Joto lake hufuata joto la bahari. Kwa kuwa haharakishi, mahitaji yake ya oksijeni ni madogo, na mfumo huo unamtosha.

Chakula na taka

Paa nunga hula majani, maua na matunda yaliyoanguka, na mara nyingi huwafuata kima wanaokula juu ya miti wakidondosha mabaki. Yeye ni mcheuaji. Tumbo lake lina vyumba vinne, na katika chumba kikubwa wamo bakteria na vijidudu wengine wanaovunja nyuzi za mimea ambazo vimeng'enya vyake mwenyewe haviwezi kuzivunja.

Taka ya protini ndani ya mwili wa paa hugeuzwa na ini kuwa urea. Sehemu hutoka kwa mkojo, lakini sehemu nyingine hurudishwa tumboni kwa njia ya mate na ukuta wa tumbo, ambako bakteria huitumia kujenga protini mpya. Hivyo mcheuaji huweza kuishi kwa chakula hafifu na kuhifadhi maji. Binadamu hana uwezo huo kwa kiwango cha kumsaidia: figo zetu zikishindwa, urea na taka nyingine hulundikana, na mgonjwa huhitaji kusafishwa damu kwa mashine.

Jongoo bahari hula mchanga na tope. Hujaza utumbo wake, humeng'enya bakteria, mwani na mabaki ya viumbe vilivyomo, kisha hutoa mchanga uliosafishwa. Hana figo. Taka yake ni amonia, sumu ambayo paa hangethubutu kuiacha izagae mwilini, lakini jongoo amezungukwa na maji mengi yanayoichukua papo hapo. Amonia hiyo ni mbolea kwa nyasi za baharini. Pale wanapovunwa wote, sakafu ya bahari hukosa wapindua udongo wake, kama shamba lililopoteza nyungunyungu.

Neva na kinga

Paa ana ubongo, uti wa mgongo, macho makubwa, pua kali na tezi mbele ya macho za kutia alama ya harufu katika eneo lake. Jongoo ana pete ya neva kuzunguka mdomo na mikondo mitano ya neva inayoteremka mwilini. Hiyo tano ni kumbukumbu ya ukoo wake: kiti cha pweza ana mikono mitano, na jongoo, ingawa amelala ubavu, amegawika tano tano ndani.

Katika suala la kinga, ukoo huu wa baharini umeifundisha tiba jambo kubwa. Mwaka 1882, akiwa Messina katika kisiwa cha Sicily, Élie Metchnikoff alichukua viluwiluwi vya kiti cha pweza, ambavyo mwili wake unapenyeza mwanga, akavichoma kwa mwiba wa waridi. Baadaye aliona kwa hadubini seli zinazotembea zikiuzunguka mwiba kama askari waliomzingira mvamizi. Kutokana na jaribio hilo alijenga nadharia kwamba mwili una seli zinazomeza vijidudu. Mwaka 1908 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich. Leo tunapomwambia mgonjwa kwamba seli zake nyeupe zimeshuka, tunazungumza juu ya jambo lililoanza kueleweka kwa mwiba uliochomwa katika kiumbe wa ukoo wa jongoo bahari. Jongoo mwenyewe ana seli zinazomeza wavamizi. Alichokosa, na paa anacho, ni kingamwili zinazokumbuka adui mahsusi. Chanjo za binadamu na za mifugo husimama juu ya kumbukumbu hiyo.

Kujitetea na kujiponya

Paa akitishwa hukimbia. Jongoo hawezi kukimbia, hivyo aina kadhaa hutapika matumbo yao kwa adui. Utumbo, na wakati mwingine mirija ya kupumulia, hutolewa nje. Adui hushughulika na mlo huo, na mwenye matumbo hubaki. Aina nyingine hutoa nyuzi zenye kunata sana. Kisha katika muda wa wiki kadhaa utumbo mpya huota, ukianzia katika utando uliokuwa umeushika ule wa zamani.

Linganisha na mgonjwa aliyekatwa sehemu kubwa ya utumbo mwembamba kwa sababu ulijisokota na kuoza. Utumbo uliobaki hujitahidi kupanuka na kunyonya zaidi, lakini uliokatwa haurudi. Akibakiwa na kipande kifupi mno, huenda akahitaji kulishwa kwa mshipa. Kwa nini jongoo anaweza na sisi hatuwezi? Sehemu ya jibu iko katika kovu. Jeraha la mamalia hufungwa haraka kwa kolajeni nyingi, ili kuzuia damu na vijidudu. Kovu huokoa maisha, lakini hufunga mlango wa tishu mpya kujengwa kwa mpangilio wake. Katika jongoo, kolajeni ya zamani huvunjwavunjwa kwanza, na seli zilizokomaa hurudi katika hali ya ujana na kuanza kugawanyika. Mnyama mwenye damu ya moto na shinikizo kubwa mishipani hana nafasi ya kusubiri hivyo. Angekufa kwa kutoka damu. Kila uwezo una gharama yake.

Uzazi

Paa nunga huzaa mtoto mmoja kwa wakati, aliyelishwa kwa kondo la nyuma tumboni na kwa maziwa baada ya kuzaliwa. Akiuawa jike mmoja mwenye mimba, kizazi hupungua kwa wawili. Jongoo wa baharini hutoa mayai kwa maelfu hata mamilioni, na dume hutoa mbegu majini; vyote hukutana nje ya mwili. Viluwiluwi huelea kwa muda, kisha hutua.

Wingi huo wa mayai huwadanganya watu wakadhani jongoo hawezi kuisha. Mbegu huchangamana na maji na kupoteza nguvu upesi. Dume na jike wakiwa mbalimbali, mayai hayarutubishwi. Ghuba iliyobakiwa na majongoo wachache waliotawanyika yaweza kuwa na wazazi wasiopata mtoto. Basi mwenye mtoto mmoja na mwenye mayai milioni wote wawili huweza kuangamizwa na mkono ule ule.

Mambo ya afya: nyama ya msituni

Hapa ndipo undugu wa karibu unapokuwa hatari. Kirusi huingia katika seli kwa kushika kipokezi, kama ufunguo na kufuli. Kufuli za paa na za binadamu zinafanana kwa mengi, kwa kuwa sote ni mamalia. Katika milipuko ya Ebola ya mwaka 2001 hadi 2003 mpakani mwa Gabon na Jamhuri ya Kongo, virusi vilipatikana katika mizoga ya sokwe, gorila na paa wa misitu ile. Baadhi ya wagonjwa wa kwanza walikuwa watu walioshika mizoga. Paa waliohusika walikuwa wa Afrika ya Kati, si paa nunga wa Unguja; hata hivyo funzo linahusu kila mahali panapowindwa wanyama wa porini.

Kwetu Afrika Mashariki, yapo magonjwa mengine ya wanyama wacheuao yanayompata binadamu: kimeta, homa ya kutupa mimba, na homa ya Bonde la Ufa, iliyotambuliwa Kenya mapema miaka ya 1930 na iliyolipuka Kenya na Tanzania mwaka 2006 na 2007. Watu wengi hudhani hatari iko mezani. Nyama iliyopikwa ikaiva vizuri imepungukiwa na hatari nyingi. Saa ya hatari kubwa ni ya kuchinja, kuchuna na kukata, damu inapogusa mchubuko wa mkono au kurukia jicho. Mbegu za bakteria wa kimeta hustahimili hata joto na ukavu, na hukaa ardhini miaka mingi.

Kwa hiyo tunashauri yafuatayo. Mnyama aliyekutwa amekufa asiguswe, asichunwe, asiliwe. Apewe taarifa ofisa mifugo au askari wa wanyamapori. Anayepata homa baada ya kugusa mnyama wa porini au mfugo mgonjwa amweleze mganga jambo hilo bila kuulizwa. Kidonda cheusi kisichouma, chenye uvimbe pembeni, kipelekwe hospitali mara moja, kwa kuwa kimeta hutibika kwa dawa kikiwahiwa. Wapo wanaoficha kwa kuwa uwindaji ni kosa kisheria. Mganga anahitaji historia ili kuokoa maisha. Chumba cha matibabu si mahakama.

Mambo ya afya: kuzamia

Jongoo bahari hatuambukizi magonjwa yake kwa njia hiyo. Mwili wake ni wa mbali nasi mno. Hatari yake iko katika namna anavyotafutwa. Maji mafupi yakishaishiwa, vijana huenda kwenye kina. Juu ya bahari tunabeba shinikizo la angahewa moja. Kila mita 10 za kina huongeza moja. Kwenye mita 30 mzamiaji anabeba manne. Akivuta hewa ya mtungi au ya mpira uliounganishwa na kompresa, naitrojeni nyingi huyeyuka katika damu na mafuta ya mwili. Akipanda haraka, naitrojeni hutoka kama povu la soda iliyofunguliwa ghafla. Mapovu huziba mishipa, nayo hupenda uti wa mgongo.

Dalili huanza mara nyingi ndani ya saa chache: maumivu ya viungo, ganzi, kizunguzungu, miguu kukosa nguvu, mkojo kuzuia. Wapo wanaodhani kijana amepigwa na shetani wa baharini, na siku mbili za kwanza zikapotea kwa makafara. Huo ni ugonjwa wa shinikizo na una tiba. Mgonjwa alazwe chali, apewe oksijeni kwa wingi, anywe maji iwapo ana fahamu, na apelekwe haraka mahali penye chemba ya shinikizo. Asirudishwe kuzamishwa baharini. Hatari ya pili ni kubana pumzi wakati wa kupanda: kutoka mita 10 hadi juu, hewa iliyo mapafuni huongezeka maradufu na huweza kupasua mapafu. Hatari ya tatu ni kompresa iliyowekwa karibu na moshi wa injini, inayompelekea mzamiaji hewa yenye sumu.

Je, jongoo bahari ni dawa?

Vidonge, mafuta na unga wa jongoo bahari huuzwa kwa madai ya kuponya saratani, kisukari na vidonda. Tuyatenganishe mambo matatu.

Kwanza, ni chakula. Ukuta wa mwili wake una protini nyingi na mafuta machache. Sehemu kubwa ya protini hiyo ni kolajeni, ambayo haina asidi-amino zote tunazozihitaji kwa kiasi cha kutosha. Kwa mtoto mwenye utapiamlo, yai, dagaa na maharage ni bora.

Pili, ana sumu. Saponini zilizo katika ngozi yake hutoboa ngozi ya seli kwa kushikamana na kolesteroli, na zinaweza kuua samaki. Yeye mwenyewe hasumiki kwa kuwa kuta za seli zake zina mafuta ya aina nyingine. Majimaji yake yakiingia jichoni, jicho lisafishwe kwa maji safi mengi na mgonjwa aonwe na daktari. Wasafishaji wasifikiche macho wakiwa kazini.

Tatu, ni malighafi ya utafiti. Saponini huua seli za saratani katika sahani ya maabara, lakini hata sabuni ya kufulia huziua. Swali la tiba ni jingine: je, kitu hiki huua saratani ndani ya mtu bila kumuua mtu? Hilo hujibiwa kwa majaribio ya hatua kwa hatua kwa wagonjwa, na vidonge vinavyouzwa mitaani havijapita katika njia hiyo. Ukuta wa jongoo una pia sukari ndefu yenye uwezo wa kuzuia damu isigande, jambo linalowavutia watafiti. Mgonjwa anayetumia warfarini, au anayesubiri upasuaji, amweleze daktari wake iwapo anatumia bidhaa hizo.

Madhara makubwa tunayoyaona kliniki hutokana na muda unaopotea. Uvimbe wa titi uliokuwa mdogo huachwa miezi sita ukinyweshwa unga. Kidonda cha mguu wa mwenye kisukari hupakwa mafuta mpaka mfupa ukaoza. Saratani ingekuwa imekatwa, mguu ungekuwa umebaki. Anayetaka kumla jongoo bahari kama chakula na amle, ili mradi amevunwa kwa kufuata sheria. Anayeugua asiahirishe hospitali kwa ajili yake.

Maswali ya kujipima

1. Eleza kwa nini jongoo bahari ni jamaa wa karibu zaidi wa paa kuliko wa jongoo wa shambani.

2. Paa hutoa urea na jongoo bahari hutoa amonia. Mazingira ya kila mmoja yanahusianaje na tofauti hiyo?

3. Kovu lina faida gani kwa mamalia, na linamnyima nini?

4. Kijana aliyezamia kwa kompresa asubuhi anashindwa kusimama jioni. Taja hatua tatu za kwanza utakazochukua, na jambo moja utakalomkataza.

5. Jirani amekuta swala amekufa porini, bila jeraha, na anataka kumchuna. Utamwambia nini, na utampa sababu gani?

6. Mgonjwa anasema, "Dawa hii imeua saratani maabara." Ni maswali gani mawili utakayomsaidia kuyauliza kabla ya kuinunua?